Nani amemwajiri mtafiti? Aktiki na vita ya kuhesabu nyangumi

Juni 1977 ilikuwa na mikutano miwili iliyofuatana kwa siku chache tu. Wa kwanza ulifanyika Barrow, mji ulioko kaskazini kabisa mwa Alaska, katika Aktiki, eneo la ncha ya kaskazini ya dunia; wenyeji wake ni Wainupiat, tawi la Wainuiti, jamii asilia ya huko. Meya Eben Hopson aliwaita Wainuiti wa Alaska, Kanada na Greenland, wakakaa pamoja na kuunda baraza lao la kimataifa. Ndugu zao wa upande wa Urusi hawakuruhusiwa kusafiri. Wa pili ulifanyika Canberra, Australia, na huko Tume ya Kimataifa ya Nyangumi iliamua kwamba watu hao hao wa Barrow na vijiji jirani wasimwinde tena nyangumi ambaye mababu zao walimwinda kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Sababu ya uamuzi huo ilikuwa ya kisayansi. Wataalamu walikadiria kuwa nyangumi hao wamebaki mamia kadhaa, au wakizidi sana, elfu mbili. Wawindaji waliposikia hesabu hiyo walisema si kweli, wako wengi kuliko hivyo. Ni rahisi kudhani kwamba mwindaji anayetetea kitoweo chake lazima atasema hivyo, na wengi walidhani hivyo wakati ule. Lakini wawindaji walikuwa sahihi. Namna walivyokuja kuthibitishwa kuwa sahihi inatufundisha mengi kuhusu utafiti wa maeneo ya ncha za dunia, na kwa maoni yangu inatuhusu hata sisi tunaoishi karibu na ikweta.

Wainupiat wanamwita nyangumi huyo aġviq; kwa Kiingereza ni bowhead. Ni mweusi, kidevu chake ni cheupe, na kichwa peke yake ni karibu theluthi ya mwili wake. Hana pezi mgongoni, kwa hiyo hupita chini ya barafu bila kukwama, na akitaka kupumua huisukuma barafu kwa utosi mpaka ipasuke. Tabaka lake la mafuta linakaribia nusu mita. Mwaka 1848 nahodha Mmarekani Thomas Roys alipita mlango wa bahari wa Bering akakuta maji yaliyojaa wanyama hawa, na habari ilipoenea, meli za biashara zikamiminika. Mafuta ya aġviq yaliwasha taa, na mabamba ya kuchujia chakula yaliyo kinywani mwake yakatengenezwa mbavu za miavuli na vibana kiuno vya wanawake. Biashara hiyo ilipokufa mwanzoni mwa karne ya 20, waliobaki walikuwa wachache.

Kwa hiyo hofu ya wanasayansi mwaka 1977 ilikuwa na msingi. Tena wawindaji wenyewe walikuwa na kasoro isiyofichika: mwaka ule nyangumi waliopigwa chusa wakapotea walikuwa wengi kuliko waliovutwa hadi kwenye barafu. Mtu anayejali uhai wa mnyama aliyekwisha kukaribia kutoweka alikuwa na haki ya kushtuka. Silaumu hofu ile. Tatizo lilikuwa jinsi hesabu ilivyofanywa.

Kila majira ya kuchipua, nyangumi hawa hutoka bahari ya Bering wakielekea mashariki, wakipita mbele ya Barrow. Wakati huo barafu ya bahari hupasuka na kuacha mfereji wa maji wazi sambamba na pwani. Wahesabuji walisimama ukingoni mwa mfereji, juu ya vilima vya barafu iliyosukumana, wakahesabu kila mgongo na kila mvuke wa pumzi waliouona. Ukungu ukishuka, kazi ilisimama. Mfereji ukifunga, kazi ilisimama. Dhana iliyokuwa nyuma ya yote ni kwamba nyangumi anahitaji maji wazi apumue, kwa hiyo barafu ikifunga, naye hapiti.

Wawindaji walijua kuwa dhana hiyo haina ukweli. Walikuwa wamekaa juu ya barafu ile usiku na mchana, kambi zao zikiwa kimya, wakawasikia nyangumi wakipumua mahali pasipo na maji yoyote. Waliona vilima vidogo vya barafu vilivyoinuliwa kwa chini na kichwa cha mnyama. Walijua kwamba wengine hupita mbali, maili nyingi nje ya mfereji, macho ya mtu wa pwani yasikoweza kufika. Kuhesabu wale wa mfereji peke yao ni sawa na kuhesabu waumini wa Ijumaa kwa kusimama kwenye mlango mmoja wa msikiti wenye milango mitano.

Desemba mwaka huo huo tume ilikutana tena, Tokyo, na kulegeza kidogo. Kwa mwaka 1978 vijiji vyote viliruhusiwa kufikisha nyangumi 12, au kuwapiga chusa 18, lolote litakalotangulia. Kwa jamii ambayo nyama hiyo hugawanywa nyumba kwa nyumba, kwa wazee, kwa wajane, hata kwa ndugu waliohamia mjini Anchorage, huo ulikuwa mwaka wa dhiki.

Nasisitiza kilichofuata, kwa sababu simulizi hii husimuliwa mara nyingi kama hadithi ya hekima ya wazee kuishinda kiburi ya wasomi, na ikisimuliwa hivyo sehemu yake muhimu kabisa huachwa. Hekima ilikuwepo tangu zamani na haikuwa imemsaidia mtu. Kilichobadilisha mambo ni kwamba Wainupiat wa kaskazini walikuwa na serikali yao ya mitaa, na serikali hiyo ilikuwa na fedha.

Mafuta yaligunduliwa Prudhoe Bay mwaka 1968. Hopson na wenzake waliona mbali: mwaka 1972 walianzisha halmashauri inayotawala eneo lote la kaskazini mwa Alaska, North Slope Borough, ili iweze kutoza kodi mitambo ya mafuta iliyokuwa ikijengwa kwenye ardhi ya mababu zao. Kampuni za mafuta zilikwenda mahakamani kuipinga, zikashindwa. Kodi hiyo ilijenga shule, ikavuta maji, ikanunua magari ya zimamoto. Kadhia ya nyangumi ilipolipuka, ndiyo iliyoajiri wanasayansi. Agosti 1977 manahodha wa vijiji walikuwa wameunda tume yao wenyewe ya uwindaji, na miaka michache baadaye halmashauri ikaichukua kazi ya kuhesabu mikononi mwake.

Aliyesimamia sayansi hiyo ni Tom Albert, daktari wa mifugo. Mwalimu wake mkubwa alikuwa Harry Brower mkubwa, nahodha wa uwindaji aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika maabara ya jeshi la majini la Marekani iliyokuwa Barrow. Brower alimweleza kwa utulivu, jambo baada ya jambo, njia za nyangumi: jike na ndama hupita lini, madume wakubwa hupita wapi, barafu ya aina gani huwapitisha na ipi huwazuia. Albert hakuyaandika maelezo hayo kama ngano za wenyeji. Aliyageuza kuwa dhana za kupimwa, akatafuta vifaa vya kuzipima.

Kifaa chenyewe kilikuwa mikrofoni ya majini. Zilizamishwa kadhaa ukingoni mwa barafu, kwa umbali uliopimwa baina ya moja na nyingine. Aġviq ana sauti nyingi: huguna, hulia, huimba. Sauti moja ikizifikia mikrofoni kwa nyakati zinazotofautiana, hata kwa sehemu ya sekunde, mtaalamu anaweza kupiga hesabu na kujua mnyama yuko upande gani na umbali gani. Christopher Clark wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzake waliposikiliza kanda hizo katika miaka ya 1980, walikuta nyangumi chini ya barafu iliyofunga, walikuta nyangumi mbali sana nje ya upeo wa macho, na walikuta safari ikiendelea hata siku ambazo mhesabuji wa ukingoni hakuwa ameandika hata mmoja. Yote matatu Brower alikuwa amekwisha kuyasema.

Hesabu ilipanda. Data za zamani ziliporejewa kwa mbinu mpya, ilionekana kuwa hata mwaka 1978, ule wa dhiki, nyangumi walikuwa zaidi ya elfu nne. Mwaka 2001 walikadiriwa kuwa zaidi ya elfu kumi. Mwaka 2011 walikaribia elfu kumi na saba. Sehemu ya ongezeko hilo ni kuzaliana kweli, maana idadi ilikuwa ikikua kwa zaidi ya asilimia tatu kila mwaka, na ilikua huku uwindaji ukiendelea kwa mgao. Wawindaji nao walirekebisha lililokuwa baya kwao: walibadilisha silaha, wakafundishana, na leo nyangumi wengi wanaopigwa hufika nchi kavu.

Faida haikuishia kwenye namba. Watafiti walipokaa karibu na wawindaji, walianza kuona mambo ambayo hakuna aliyewatuma kuyatafuta. Wachinjaji walikuta ndani ya nyama ncha za chusa za mawe, za aina iliyokwisha kuachwa kutumika karne nzima nyuma. Mwaka 2007 walikuta kwenye mfupa wa bega kipande cha kombora la chusa lililotengenezwa New Bedford, Massachusetts, karibu na mwaka 1880. Mnyama yule alikuwa ametembea na chuma hicho mwilini kwa zaidi ya miaka mia moja. Wazee walikuwa wakisema kwamba aġviq huishi umri wa watu wawili. Craig George, mwanabiolojia wa halmashauri aliyetumia karibu maisha yake yote ya kazi Barrow, alishirikiana na wenzake kupima kemia ya lenzi za macho ya nyangumi waliovuliwa. Majibu waliyoyatoa mwaka 1999 yalimkadiria dume mmoja kuwa na umri wa miaka 211. Leo hii ndiye mamalia anayejulikana kuishi miaka mingi kuliko wote.

Jambo la harufu linanigusa zaidi. Manahodha waliwakataza watu wao kuwasha moto wenye moshi kambini wakati wa uwindaji, wakisema nyangumi ananusa. Vitabu vya biolojia vilifundisha kwamba nyangumi wamepoteza uwezo wa kunusa. Mwaka 2011 wanasayansi, George akiwa mmoja wao, walichapisha uchunguzi wa ubongo wa aġviq: sehemu inayopokea harufu ipo, tena imekamilika. Katazo la manahodha lilikuwa na ushahidi siku zote, na ushahidi huo ulikuwa ndani ya fuvu la kila nyangumi aliyewahi kuvutwa kwenye barafu ya Barrow. Hakuna aliyekuwa amepasua fuvu akatazama kwa swali hilo kichwani.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema maarifa ya wenyeji yaheshimiwe kwa sababu ya adabu. Adabu ni njema, ila hoja yangu ni nyingine. Sayansi iliyofanywa bila wenyeji ilikuwa sayansi mbovu. Ilitoa namba isiyo sahihi, namba hiyo ikageuka sheria ya kimataifa, na sheria ikaingia jikoni mwa watu. Iliporekebishwa, haikurekebishwa kwa huruma. Ilirekebishwa kwa sababu mwenyeji alikuwa na uwezo wa kuajiri, kuuliza swali lake, na kudai jibu.

Ukitaka kuona hali inavyokuwa uwezo huo usipokuwepo, rudi miaka ishirini nyuma kwenye vijiji vya Alaska hiyo hiyo. Kati ya mwaka 1955 na 1957, maabara ya jeshi la anga la Marekani iliwapa watu 121 vidonge vya ayodini yenye mionzi. Kati yao 102 walikuwa wenyeji, Wainuiti na Waathabasca, kutoka vijiji kama Wainwright, Point Hope na Anaktuvuk Pass. Watafiti walitaka kujua kama tezi ya shingoni ndiyo inayomsaidia mtu wa Aktiki kustahimili baridi. Baadhi ya waliomeza walikuwa akina mama wanaonyonyesha. Jopo la wataalamu lililochunguza jambo hilo na kutoa ripoti mwaka 1996 liliona hatari kwa afya ilikuwa ndogo, lakini likakiri kuwa watu hao walidhulumiwa, kwa kuwa hawakuelewa walichokubali. Wengi hawakujua Kiingereza cha kutosha hata kujua kwamba ni utafiti. Walidhani wanatibiwa.

Na kabla ya hapo kuna kisa cha Minik, mtoto wa miaka kama sita au saba kutoka kaskazini magharibi mwa Greenland. Mvumbuzi Robert Peary alimchukua mwaka 1897 pamoja na baba yake Qisuk na wengine wanne, akawapeleka kwenye jumba la makumbusho la historia ya viumbe la New York. Katika muda wa miezi kadhaa, wanne kati yao walikufa kwa maradhi ya kifua. Makumbusho yalimfanyia Qisuk mazishi ya uongo mbele ya mwanawe, huku mifupa yake ikihifadhiwa kwa uchunguzi. Minik aliugundua ukweli akiwa kijana, akaomba mwili wa baba yake, akafa mwaka 1918 bila kuupata. Mifupa ilirudishwa Qaanaaq mwaka 1993 ikazikwa.

Nadhani ncha ya kusini nayo ina mchango katika tabia hii ya kutafiti bila kuwauliza wenyeji, ingawa halisemwi sana. Antaktika haina wenyeji. Chini ya mkataba wa mwaka 1959, bara lile limetengwa kwa amani na sayansi, na mtafiti akishuka pale hakuna mlango wa mtu wa kubisha hodi. Ukizifundisha ncha zote mbili katika idara moja, kwa ramani nyeupe zinazofanana, ni rahisi kusahau kuwa upande wa kaskazini wanaishi watu wapatao milioni nne, na takriban mmoja katika kila kumi ni wa jamii asilia.

Sasa nigeukie kisa ambacho kwa namna fulani kilipita Nairobi.

Katikati ya miaka ya 1980, daktari Éric Dewailly wa Québec alikuwa akipima kemikali kwenye maziwa ya akina mama wa kusini mwa jimbo lake. Alihitaji kundi la kulinganisha, akina mama wanaoishi mbali na viwanda, ambao maziwa yao yangekuwa safi. Akaomba sampuli kutoka Nunavik, kwa Wainuiti wa kaskazini. Majibu yalikuwa kinyume na alivyotarajia. Kemikali aina ya PCB, zilizokuwa zikitumika kwenye transfoma za umeme, zilikuwa kwenye maziwa yao kwa kiwango cha takriban mara tano ya akina mama wa kusini.

Njia ya sumu hizo inaeleweka. Kemikali za jamii hii, pamoja na DDT, hazivunjiki upesi. Penye joto huvukizwa, upepo huzibeba, zikifika penye baridi hutua. Joto likipanda huinuka tena, na kila mruko huzisogeza kuelekea ncha. Baharini huingia kwenye viumbe wadogo kabisa, kisha samaki, kisha sili na nyangumi wenye meno, na kwa kuwa hukaa kwenye mafuta, kila mlaji huwa nazo nyingi kuliko aliyemla. Mwisho wa mnyororo huo yupo mama Muinuiti, na baada yake mtoto anayenyonya.

Fikiria kuambiwa hivyo na mgeni mwenye koti jeupe. Sili na nyangumi kule si chakula cha fahari. Ndio chakula chenyewe, chenye vitamini na madini, mahali ambapo bidhaa za dukani husafirishwa kwa ndege na bei yake haishikiki. Madaktari walipopima pande zote mbili, waliwashauri akina mama waendelee kunyonyesha na kula vyakula vyao vya asili, maana faida ilizidi madhara. Ushauri ulikuwa sahihi, lakini mama alibaki na ujuzi ambao hakuna namna ya kuusahau kila anapomweka mtoto kifuani.

Wainuiti hawakukaa kusubiri wengine wawasemee. Baraza lile lililozaliwa Barrow mwaka 1977 lilipeleka watu kwenye mazungumzo ya mkataba wa kupiga marufuku sumu hizi. Januari 1999 kikao cha pili cha mazungumzo kilifanyika Nairobi, yalipo makao makuu ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa. Sheila Watt-Cloutier, kiongozi wa baraza hilo upande wa Kanada, alimkabidhi mkurugenzi wa shirika hilo, Klaus Töpfer, sanamu ya jiwe ya mama Muinuiti na mtoto wake. Sanamu ile ikawa inawekwa mezani vikao vilipoendelea.

DDT ndiyo iliyoleta mvutano. Kwa Muinuiti ilikuwa sumu ndani ya maziwa. Kwa nchi nyingi za Afrika ilikuwa dawa ya ukutani inayomzuia mbu wa malaria. Wazee wa Unguja na Pemba wanazikumbuka timu za kupulizia nyumba za miaka ya 1950 na 1960. Ingekuwa rahisi kwa wajumbe wa Aktiki kudai DDT ifutwe kabisa na kuziacha nchi zetu zijitetee zenyewe. Watt-Cloutier alikataa njia hiyo. Alieleza kuwa hawezi kuunga mkono makubaliano yatakayomlinda mama wa kaskazini kwa gharama ya mama wa kusini anayempoteza mtoto kwa malaria. Mkataba uliotiwa saini Stockholm mwaka 2001, ukaanza kutumika mwaka 2004, uliziwekea vikwazo kemikali 12, huku DDT ikiruhusiwa kwa udhibiti wa wadudu waenezao maradhi. Na katika utangulizi wake umeitaja Aktiki na jamii zake asilia kwa jina. Asiyekuwepo na lake halipo; Wainuiti walikuwepo, na kwa kuwepo kwao na letu likawepo.

Sisemi kwamba mambo yamekaa sawa. North Slope ilikuwa na bahati ambayo Wainuiti wengi hawana. Fedha zake zilitoka kwenye mafuta, na mafuta hayo hayo yakichomwa duniani kote yanayeyusha barafu ambayo aġviq na mwindaji wote wanaitegemea. Mahandaki ya kuhifadhia nyama yaliyochimbwa kwenye ardhi iliyoganda sasa mengine yanaingia maji. Hilo ni tatizo halisi, na watu wa Utqiaġvik, kama mji wa Barrow unavyoitwa tangu kura ya mwaka 2016, wanaishi nalo kila siku. Aidha sayansi nzuri haitoshi kuzuia siasa: mwaka 2002, kwenye mkutano wa Shimonoseki, Japani na washirika wake walizuia mgao wa nyangumi wa Alaska kwa sababu ya ugomvi wao mwingine na Marekani, ingawa idadi ilikuwa inajulikana vyema. Mgao ulirudishwa miezi michache baadaye.

Kwingineko bado kuna miradi inayowaita wazee wa kijiji siku ya mwisho, wakapigwa picha, na sura moja ya ripoti ikaitwa maarifa asilia. Ndiyo maana mwaka 2018 shirika la kitaifa la Wainuiti wa Kanada lilitoa mkakati wake wa utafiti, ukidai mambo ya wazi kabisa: Wainuiti wawe na sauti katika kugawa fedha za utafiti, na data zinazowahusu ziwe chini ya umiliki wao. Mwaka 2021 lile baraza la Barrow likawa taasisi ya kwanza ya jamii asilia kupewa hadhi ya ushauri, ya muda, katika shirika la kimataifa la usafiri wa baharini, wakati meli zinazidi kupita kwenye maji ambayo zamani yalikuwa barafu mwaka mzima.

Kuna sumu moja ambayo bado inasafiri, na safari hii baadhi inatoka kwetu. Zebaki hufika Aktiki kwa hewa na kwa bahari, ikaingia kwenye sili na nyangumi kama zilivyoingia PCB. Chanzo kikubwa kuliko vyote cha zebaki inayotolewa hewani na shughuli za binadamu ni uchimbaji mdogo wa dhahabu: mchimbaji anachanganya zebaki na mchanga uliosagwa, anakamua kwa kitambaa, kisha anachoma donge juu ya moto mpaka ibaki dhahabu. Hufanyika Geita, hufanyika Chunya, hufanyika Migori. Moshi wa kwanza anauvuta yeye mwenyewe, na mara nyingi mkewe na watoto walio jirani na moto. Ule unaobaki huingia angani.

Wachimbaji hawa nao hupimwa. Watafiti huja, hukusanya nywele, mkojo na udongo, huondoka. Ni vigumu kumlaumu mwanafunzi wa shahada aliyefadhiliwa na chuo cha mbali. Amekuja na swali alilopewa. Swali la mchimbaji huwa jingine: je, mwanangu ana tatizo, na nikiacha zebaki nitatumia nini kupata kiasi kile kile cha dhahabu?

Halmashauri zetu za Tanzania zenye migodi mikubwa hulipwa ushuru wa huduma, unaotozwa kwenye mapato ya mgodi. Fedha hiyo hujenga madarasa na zahanati, na inahitajika huko. Lakini sehemu yake ndogo inaweza kumwajiri mkemia mmoja na kumnunulia kipima zebaki, naye awe mtumishi wa halmashauri anayewajibika kwa madiwani, akae miaka mitano au kumi, awajue wachimbaji kwa majina, apime nyumba zile zile mwaka baada ya mwaka, na majibu ayasome kwanza kwenye mkutano wa kijiji kabla hayajaenda kwenye jarida lolote. Bajeti za halmashauri hujadiliwa kila mwaka, na vikao vya madiwani viko wazi kwa wananchi. Pendekezo hilo linaweza kuwekwa mezani Geita mwaka huu wa fedha.